Nafasi ya Mashine kwa Mama Mkwe

Siku ya kwanza nilipomwona Kaluki, alijifunika shuka lenye maji kichwani ili nisimwone.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka wa 1971, kwenye mfereji wa reli pale Emali. Nilikuwa nimefika na lori la mchanga, nimevaa shati la kuazima, na nilikuwa nimepita mbele ya stesheni mara tatu bila kumwuliza mtu njia. Mimi ni mtu wa haya. Nikiona watu wawili wamesimama, nangoja mmoja aondoke kwanza. Pale mfereji palikuwa na mwanamke mmoja tu, mrefu, mwembamba, ameinama juu ya karai, anasugua shuka kana kwamba limemtukana. Nikaona huyo ndiye wa kuuliza.

"Mama, naomba kuelekezwa kwa mzee Kilonzo wa reli."

"Unamtakia nini?" Hakuinua kichwa.

"Nina maneno naye."

"Maneno ya kazi?"

"Hapana. Nimetoka Mbumbuni. Ni maneno ya... ya Mumbua."

Mikono yake ilisimama. Alinitazama mara moja tu, kutoka viatuni mpaka kichwani. Halafu akalivuta lile shuka kutoka kwenye karai, maji yakimwagika pande zote, akajitupia kichwani.

"Nyumba ya tatu baada ya tangi," sauti ikatoka ndani ya shuka. "Ile yenye mpapai. Nenda! Na usigeuke nyuma!"

Nilienda bila kugeuka. Ndivyo nilivyomwuliza njia mama mkwe wangu.

Kwetu Ukambani mwanamume na mama wa mkewe wana nthoni, yaani aibu ya heshima. Hampeani mikono. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Huli akikuangalia, naye hali ukimwangalia. Nyumbani kwake unakomea sebuleni. Chumba anacholala hukitazami hata mlango ukiwa wazi, na kitanda chake na nguo zake hutakiwi kuviona, sembuse kuvigusa. Vijana wa siku hizi wanacheka. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, yeye akiwa kiongozi wa kina mama, lakini nthoni haikuoshwa na ubatizo.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na saba nilimjua mama mkwe wangu kwa mgongo. Niliujua mgongo ule kuliko nyuso za majirani wangu. Nikifika kwake, aligeukia ukuta akasema na mke wangu: "Mumbua, mwulize huyo mtu kama amekunywa chai." Nami niko hatua mbili kutoka kwake. Hata baada ya kuzaliwa Muthoki, mtoto wetu wa kwanza, kwake nilibaki "huyo mtu". Mumbua asipokuwapo, alisema na kuku: "Nyinyi kuku, kuna mtu hapa anataka kufa njaa kwa sababu ya kukaa kimya?" Nami niliwajibu kuku wale wale kwamba nimeshiba.

Alikuwa dobi. Mumewe Kilonzo alifanya kazi ya kukarabati reli, na walipokuwa vijana Kaluki alianza kufua nguo za walinzi wa treni waliolala Emali. Baadaye akafulia lojingi, nyumba za kulala wageni. Kilonzo alipofariki mwaka wa 1979 alibaki na kazi hiyo na ile nyumba ya vyumba viwili aliyojengewa, ya matofali ya udongo na mabati, na jiko la fito uani. Mtoto wao wa kwanza alikufa mdogo. Mumbua ndiye aliyebaki, na Mumbua alikuwa kwangu.

Sijawahi kumwona mtu asiyetulia kama yule mama. Akikaa, goti linacheza. Alihamisha kabati leo, kesho meza, keshokutwa kabati linarudi mahali pake. Ukienda baada ya mwezi unajigonga, kwa kuwa kiti unachokijua hakipo. Mumbua alisema hata usiku mama yake huamka kuhesabu vibanio. Mashuka ya wageni aliyaanika mbele, kwenye kamba tatu, barabara nzima iyaone yalivyo meupe. Nguo zake mwenyewe alizianika nyuma ya choo na kuzifunika gunia, ili nikitokea ghafla nisizione. Chini ya gunia zilichukua siku mbili kukauka. Alikubali hivyo.

Mwaka wa 1988 mikono yake ilikataa. Vifundo vilivimba, ngozi ikapasuka kwa sabuni na magadi, akikamua shuka analia bila sauti. Mumbua alikwenda akaona, akarudi Mbumbuni akaniambia, "Mama hawezi tena. Akiacha kazi itabidi tumchukue."

"Tumchukue wapi?"

"Hapa. Kwani ana mwingine?"

Nilitazama nyumba yangu. Vyumba vitatu na mlango mmoja. Mama mkwe akae humo, apite mbele yangu akienda kuoga, nile naye yuko, alale nyuma ya ukuta wa tofali moja? Ningehamia kwenye zizi. Naye, kama nilivyomjua, angekufa kabla ya kukubali. Nikamwambia Mumbua, "Mama yako ni mtu wa nyumbani kwake." Alinitazama sana. Alijua ninachoogopa, na alijua mama yake anaogopa vile vile.

Aliyetuokoa, au kutuchanganya zaidi, ni Ebla. Huyu alikuwa mama wa Kisomali mwenye lojingi ya vitanda kumi na vinne karibu na soko la mifugo, na mashuka yake ndiyo yaliyokuwa kazi kubwa ya Kaluki. Ebla alikuwa amenunua Nairobi mashine ya kufulia, ya mapipa mawili, moja la kufua na la pili la kukamua, na pasi ya umeme juu yake. Kwake hapakuwa na nafasi hata ya kuku kulala. Nguzo za umeme zilikuwa zimekwisha kupita nyuma ya nyumba ya Kaluki, na waya ulikuwa umeingizwa kwa ajili ya taa. Basi akaipakia mashine kwenye mkokoteni akamletea.

"Mama Mumbua," alimwambia, "mikono yako nimeiona. Hii ikae kwako, unifulie nayo. Lakini nataka iwe na mahali pake, imesimama vizuri, maji yake yana njia. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Sitaki mashine yangu ilale sebuleni kama mgonjwa. Ikishindikana, nitampa Jonah. Yeye ana ua wa simiti."

Jonah alikuwa dobi mwingine, upande wa chini wa mji. Mashine ikienda kwa Jonah, mashuka yanaenda nayo. Mashuka yakienda, Kaluki anakuja Mbumbuni.

Mimi fundi wa kujenga nilipata habari hizo Jumamosi, kwa maneno haya machache ya Mumbua: "Chukua mwiko na timazi. Twende kwa mama."

Tulikuta ameshaihamisha ile mashine mara tano kwa siku mbili, yeye na mikono ile, akiisukuma kwa nyonga. Kwanza sebuleni. Pipa la kukamua lilipozunguka, mashine ilianza kutembea, ikavuka chumba ikitetemeka mpaka waya ukachomoka, na maji machafu yakatoka mlangoni yakaenda moja kwa moja kwenye duka la jirani, ambaye alikuja kusema maneno nisiyoweza kuandika. Akaipeleka barazani. Mbuzi wakaja kunywa maji ya sabuni, na waya ukiwa chini mbele ya watoto. Akaitia jikoni, shuka la kwanza likatoka na masizi. Nilipofika ilikuwa imerudi sebuleni, imeegemezwa mlangoni, na mtu aingie kwa ubavu.

Nilikaa. Kaluki alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Mumbua alisimama katikati.

"Mumbua," likasema pazia, "mwambie fundi asikae tu. Ijumaa haikai."

"Mama, ndiyo kwanza ameingia."

"Na ameshachoka?"

Nilitoka nje niizunguke nyumba, maana nikikaa kimya namna ile ndani miguu inaniwasha. Mbele ardhi iliteremka kwa jirani. Pembeni kulikuwa na choo. Nyuma tu, kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ndipo ardhi iliposhuka taratibu kwenda kwenye mipapai, na juu yake waya wa umeme. Maji yangeweza kwenda huko bila kumwudhi mtu, na mipapai ingeshukuru.

Lakini ndani ya ukuta ule kulikuwa na chumba ambacho sikuwahi kukiona.

Nilizunguka nyumba mara nne. Mwisho nikasema na Mumbua, naye akasema na pazia. Ningetoboa ukuta wa nyuma, uwazi wa futi nne, na nje yake nijenge kijichumba kama kabati, chenye sakafu nzito ya zege ili mashine isitembee, na bati juu. Mashine ikae humo, uso wake ukitazama chumbani. Kaluki asimame chumbani kwake afue. Nami nifanye kazi yote nikiwa nje. Sitaingia.

Pazia lilisogea kidogo.

"Mwulize, ukuta ukitobolewa, mtu wa nje anaona nini?"

"Anauliza, utaona nini?"

"Nitaona pazia," nikasema. "Atundike pazia ndani."

"Amesema utundike pazia."

"Nimemsikia. Mimi si kiziwi."

Tukapima kwa kugonga. Kaluki ndani alishika mchi, mimi nje nikashika kaa lililozimika. Aligonga mahali uwazi ulipotakiwa kuanza, nikachora. Akagonga ulipotakiwa kuishia, nikachora. Tuligonga na kuchora, na nadhani hayo yalikuwa mazungumzo yetu marefu zaidi tangu 1971.

Fundi yeyote anajua kwamba ukuta wa zamani wa udongo hutoboi hivi hivi. Boriti ya paa inalalia ukuta huo, kwa hiyo ndani unaegemeza miti ya kubeba boriti mpaka uweke ubao mnene juu ya uwazi. Nilikata miti mitatu, nikampa Mumbua aisimamishe ndani. Nikiwa nje, nilimwelekeza kwa sauti: kushoto kidogo, kaza, piga kabari. Alifanya kazi nzuri. Ningeingia mwenyewe ningekagua kila asubuhi, kama ninavyokagua kwa watu wengine. Hapa sikuingia.

Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu nilichimba msingi wa kijichumba, Jumanne nikamwaga zege, nikapandisha kuta zake mbili za pembeni. Mchana kutwa nilisikia vyombo vikiburutwa ndani. Sikushangaa, kwa kuwa ndivyo alivyoishi. Jumatano asubuhi Mumbua akaenda kuchota maji, mimi nikashika nyundo na patasi, nikaanza kutoboa.

Sikujua kwamba usiku wa kuamkia Jumatano Kaluki alichelewa kulala. Alikuwa amefikiri: uwazi ukitokea pale, hata kama kuna pazia, upepo ukipeperusha pazia, huyo mtu anatazama ukuta wa pili, na kwenye ukuta wa pili ndiko kitanda kilipo. Basi akakihamisha kitanda. Akakileta upande huu, ukuta ule ule ninaotoboa, kando ya uwazi, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kukiona hata akijaribu. Ili kipite, akaondoa miti mitatu iliyokuwa njiani. Akaiegemeza vizuri sebuleni, akashukuru Mungu, akaenda kulala.

Tofali la kwanza lilitoka. La pili likatoka. La tatu nilipoligusa, nilisikia ukuta ukivuta pumzi. Ufa ukakimbia kutoka kwenye uwazi kwenda kushoto, mbali na alama zangu za kaa, na ukuta wote wa upande ule ukaanguka kwa ndani, taratibu, kama mtu mzima anayejilaza.

Vumbi lilipotulia nilikuwa nikitazama kitanda cha mama mkwe wangu.

Kilikuwa cha chuma, kimetandikwa blanketi ya rangi ya machungwa, na juu ya blanketi kulikuwa na matofali na nguo zake alizokuwa amezikunja. Sitasema ni nguo gani. Nilifumba macho. Nikiwa nimefumba nikasikia boriti juu ikilia, kri, kri, na bati likianza kushuka.

"Mama!" niliita, kisha kwa Kikamba, "Mwaitu! Uko wapi?"

"Niko sebuleni! Kuna nini? Umebomoa nini?"

"Usiingie! Paa linashuka! Miti iko wapi?"

"Miti gani?"

Boriti ilishuka tena kiasi cha kidole. Sikufikiri. Nadhani ningefikiri ningekimbia. Niliruka msingi, nikaingia chumbani, nikapanda juu, nikaweka bega chini ya boriti. Ilikuwa nzito lakini ilikubali. Nikasimama hivyo.

Pazia la mlangoni lilifunguka kidogo, likafungwa haraka.

"Mungu wangu! Umo ndani!"

"Mwaitu, niletee mti mmoja. Upesi."

"Siwezi kuingia nawe umo!"

"Nikitoka nyumba inaanguka!"

"Umesimama juu ya nini?"

Nilikaza bega.

"Nimeuliza, umesimama juu ya nini?"

"Juu ya kitanda."

"Usiseme! Usilitaje hilo neno!" Nilimsikia akizunguka sebuleni, viti vikigonga. "Na viatu umevua?"

"Mwaitu, bega langu linavunjika."

Aliingia kinyumenyume. Alikuwa amejifunika leso kichwani mpaka kiunoni, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, mwingine ukiburuta mti. Akajigonga na kitanda, akasema "Samahani," sijui kwa kitanda au kwangu.

"Uko wapi?"

"Hapa. Kulia. Nyanyua ncha yake. Zaidi. Mwaitu, hilo ni sikio langu."

"Sioni!"

"Basi jifunue!"

"Nijifunue nikuone umesimama hapo? Afadhali paa lianguke!"

Ndivyo tulivyosimamisha mti wa kwanza, yeye kipofu na mimi nimefungwa kwenye boriti. Wa pili ulikuwa rahisi. Tulipokuwa kwenye wa tatu Mumbua akatokea nyuma ya nyumba na mtungi, akakuta ukuta haupo, mumewe yuko juu ya kitanda cha mama yake amenyoosha mikono kama mtu wa kuhubiri, na mama yake ndani ya leso anapiga kabari kwa mchi. Mtungi ulianguka.

"Nini hiki?"

"Mumbua," ikasema leso, "mwambie huyu mtu ashuke sasa."

Kisha ile leso ikaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko cha mama mkwe wangu. Kilikuwa kikubwa, cha chini, kama cha mwanamume.

Habari haikungoja jioni. Mbuvi, ndugu wa marehemu Kilonzo, alifika na fimbo yake, akakaa barazani, akataka kusikia kutoka mwanzo.

"Ulisimama juu ya kitanda."

"Ndiyo, mzee."

"Na viatu?"

"Na viatu."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anafurahi. "Hiyo ni mbuzi. Mkwe akivunja nthoni analeta mbuzi, aibu inaliwa, inaisha. Bila mbuzi huwezi kuingia tena hapa hata kumalizia kazi."

"Nitaleta," nikasema. Lakini mbuzi wangu walikuwa Mbumbuni. Kwenda na kurudi ni siku nzima, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Ukuta uko chini, na mashine bado imeziba mlango.

Kaluki alisema kutoka ndani, si kwa Mumbua, si kwa kuku. "Mbuvi. Nani aliondoa miti?"

"Wanasema ni wewe."

"Ni mimi. Yeye aliweka miti ili asiingie. Mimi nikaitoa ili asione. Basi nani alimpandisha kitandani?"

Mbuvi alifikiri. "Wewe."

"Basi mbuzi ni wangu. Yule mweupe wa uani. Mchinje sasa hivi, fundi arudi kazini."

"Kaluki, tangu nizaliwe sijala mbuzi wa aibu aliyetolewa na mama mkwe."

"Leo utakula. Noa kisu."

Alichinjwa. Mbuvi alisema maneno yanayosemwa, tukala wote, mimi nimegeukia ukuta, Kaluki amegeukia mlango. Kabla mifupa haijapoa nilikuwa nimeshika mwiko.

Nilifanya kazi Alhamisi kutwa nikiingia na kutoka chumba kile, macho yangu yakiwa kwenye tofali. Kitanda kilikuwa kimefunikwa gunia. Ukuta ulipokuwa umeanguka wote, niliona jambo ambalo nikiwa nje nisingeliona: chumba kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani, na kijichumba changu kingeweza kuingia ndani zaidi, mashine ikae karibu na miguu ya kitanda na bado mtu apite. Nikapanua uwazi. Nikaweka ubao mnene juu, nikarudisha matofali kwa simiti safari hii, nikafungua tundu la bomba chini, na mtaro mpaka kwenye mipapai. Mumbua alinichanganyia simiti. Kaluki alipita na kurudi, akapita na kurudi, akiniletea maji ambayo sikuwa nimeyaomba na kuyaweka mahali nisipoweza kuyafikia.

Ijumaa Ebla alikuja baada ya soko, na shungi lake la zambarau, na mtu wa kuchukua mashine kama ingebidi. Aliingia chumbani. Sisi wanaume tukabaki nje nyuma, tukisikiliza. Mashine ilijazwa maji kwa ndoo, ikaanza kuvuma. Kisha pipa la kukamua likazunguka. Nilishika ukuta wangu kwa kiganja nione kama unatetemeka. Ulitetemeka kidogo, kama paka.

"Haitembei," sauti ya Ebla ikasema.

"Imechoka kutembea," Kaluki akajibu. "Imepata mahali."

Maji machafu yalitoka kwenye tundu, yakapita miguuni mwangu, yakaenda kwenye mipapai. Yule mtu wa Ebla akaondoka na mkokoteni mtupu.

Kaluki alifulia lojingi ile miaka minane zaidi. Vidole havikunyooka tena, lakini havikuhitaji kukamua. Hakuhamia Mbumbuni. Mbuzi yule alikula aibu ya siku ile, si nthoni yote. Nikienda kila mwezi kukagua sakafu nilikohoa nje, nikangoja. Naye aliacha kusema na kuku. Sasa alisema na mashine. "Mashine, kuna mtu mlangoni, amekuja kukuangalia. Mwambie bomba linavuja." Nami niliiambia mashine nitalitengeneza. Kutulia hakutulia. Mashine peke yake ndiyo hakuweza kuihamisha, kwa sababu niliishindilia zege miguuni, kwa hiyo alihamisha kila kitu kingine kuizunguka. Nguo zake aliendelea kuzianika nyuma ya choo, chini ya gunia.

Mwezi wa nne mwaka wa 1996 aliugua, akalala kitandani. Ilikuwa kifua. Mumbua alikuwa kwake wiki mbili, na Jumanne moja nilifika mchana kuleta mahindi. Mumbua alikuwa ameenda zahanati kuchukua dawa. Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya Emali, meusi, na upepo ulishaanza kuyachapa mashuka ya Ebla kwenye kamba. Nyuma ya choo gunia lilikuwa limepeperushwa, liko kwenye mipapai. Mumbua alikuwa ameanika za mama yake pale, kama mama yake alivyotaka. Niliona, nikageuza uso.

Nilikohoa mlangoni. Hakuna aliyejibu. Nikaingia mpaka sebuleni, nikasimama mbele ya pazia. Mashine ilikuwa kimya. Nilisikia kitanda kikilia, akijaribu kuinuka, akishindwa, akijaribu tena.

"Mwaitu, lala. Ni mimi."

"Mvua," alisema. Sauti ilikuwa imekonda.

"Nimeiona. Naenda kuanua mashuka."

Nilingoja aiambie mashine, au ukuta. Matone ya kwanza yalipiga bati. Nilikuwa nimeshageuka, mguu mmoja nje, lakini nikarudi, kwa kuwa nilijua asingetulia bila jibu.

"Za wageni nitazileta hapa mlangoni," nikasema. "Zile za nyuma... Mumbua hayuko mbali. Atakuja azianue."

Alikohoa. Kisha alisema kwa sauti ya mtu anayetoa kazi, na siku mbili baadaye, Alhamisi, tulipompoteza, nilijua kwamba sikuwa nimesikia neno lake lingine tena:

"Anua zote, Baba Muthoki. Hata zangu."